Filimbi Iliyorithiwa Vipande Vitatu

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinifikia Jumatatu asubuhi nikifunga kamba za viatu. Binti yake alinipigia simu kutoka Ngara akaniambia kwamba jana yake baba alikula chakula cha mchana, akajinyoosha kitandani, hakuamka tena. Katikati ya kilio akaanza kucheka, kwa sababu wiki moja kabla mzee alikwenda kwenye msiba wa jirani akalikagua jeneza, akawaambia wafiwa waziwazi kwamba misumari ile ni ya mtu mvivu. Nami nilikaa na kiatu kimoja mguuni, nikalia, kisha nikacheka. Rafiki yangu huyo hakuwahi kumwachia mtu nafasi ya kuhuzunika muda mrefu.

Ninyi wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa fundi seremala, mtoto wa wazazi waliovuka kutoka Burundi, na nadhani ndiye mtu pekee katika Ngara na Biharamulo aliyepiga nyimbo za Ayalandi. Alizipata kwa padri mmoja wa huko aliyesimamia karakana ya misheni, ambaye kazi ikiisha alitoa filimbi ndefu ya mbao nyeusi na kupiga nyimbo za kwao za kuchezwa, za haraka kama mbuzi anayeteremka mlima. Fundi alikuwa amepiga umwironge, filimbi yetu ya wachungaji, tangu utotoni, kwa hiyo vidole vyake havikuhitaji kufundishwa mara mbili. Padri alipohamishwa aliondoka na filimbi yake, akamwachia fundi nyimbo thelathini kichwani na ushauri mmoja: asitafute mpya, atafute ya zamani, ya mbao, yenye matundu sita makubwa. Mbao iliyokaa miaka mingi, alisema, imeshamaliza kujipinda. Seremala gani angebishana na neno hilo? Umwironge wake una matundu machache, nyimbo zile haziingii humo. Akawa na kiu isiyo na maji, tena katika miaka ambayo hata sabuni tuliisikia tu kwa jina.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu huko Nyamahanga, kijiji cha ujamaa ambacho nyumba nyingi zilikuwa bado zinanukia udongo mbichi. Fundi alikuja kututengenezea madawati. Siku ya tatu tulikaribishwa chakula kwa mjumbe, na mke wa mjumbe alikuwa akipuliza moto kwa bomba jeusi, huku akiziba matundu yake sita kwa vidole ili pumzi isipotee. Fundi akaacha kunawa mikono.

"Mama, shikamoo. Hicho umekitoa wapi?"

"Marahaba. Hiki? Ni urithi wa mume wangu, fundi. Baba mkwe aripokufa warigawiwa watatu, kira mtu na chake. Sisi turipata hiki cha matundu. Moto unawaka vizuri, ira kinachosha vidore."

Ndipo tukaelezwa. Baba mkwe huyo alipiga filimbi katika bendi ya boma la Biharamulo enzi za Mjerumani, akabaki nayo. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Kabla ya kufa aliwaita wanawe, akaichomoa filimbi katika maungio yake, akampa mkubwa kichwa, wa pili kiwiliwili, wa mwisho mguu wenye vibonyezo vya fedha. Kila mmoja aliondoka akiamini mwenzake ndiye aliyepewa cha thamani, wakanuniana. Kisha ikaja operesheni ya vijiji ikawatupa mkubwa Kaniha, wa pili Nyamahanga, na wa mwisho akafuata upande wa mkewe Murukulazo. Tangu hapo hawakuwa wameonana, na hakuna aliyesikitika sana.

Ununuzi wa kile kiwiliwili ulichukua dakika kumi. Fundi alikigeuza juani akitafuta ufa, akazungusha nyuzi kavu za kwenye maungio, akaziba matundu yote na upande mmoja, akanyonya hewa upande wa pili kama anayenyonya uboho. Mdomo ulipong'ang'ania alijua hakivuji. Mama alilipwa bomba jipya la kupulizia na kigoda cha kuegemea, na akaona amemlalia fundi. Kaniha tulikwenda kwa baiskeli yangu, tukipokezana kupakizana. Mkubwa alikuwa amekifunga kichwa cha filimbi katika ngozi ya mbuzi, na nyumba yake haikuwa na mlango. Fundi alimtengenezea mlango wa mninga. Tukaenda Murukulazo kwa mbwembwe, tukamkuta mke wa yule wa mwisho peke yake. Mumewe alikuwa ameondoka siku kumi na mbili zilizopita kwenda vitani, na kipande chake kilikuwa ndani ya begi lake la kijeshi.

Unaweza kuuliza, si apige hicho alichonacho? Alipiga. Lakini nyimbo zile za Ayalandi, zikishazunguka zikachoka, hurudi kupumzika kwenye sauti moja ya chini, na sauti hiyo imo katika mguu. Miezi yote ya vita, tukiwa tumekusanya ng'ombe na maharage kwa ajili ya askari, tukiwa tumeinamia redio kila jioni, fundi alipiga nyimbo ambazo hazikufika nyumbani. Zilikwenda, zikageuka, zikaning'inia. Nilimwambia aache, ananitia wasiwasi. Akanijibu, "Mwarimu, namwombea yure mtu arudi. Tena siombi kwa ajiri ya firimbi peke yake." Nami nilimwamini kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alirudi. Mzima, mwembamba, na kipande ndani ya soksi. Lakini hakutaka mlango wala kigoda. Alisema atauza kwa sharti moja, kaka zake wote wawili waje kwake wasikie kwanza. Walikuja, wakaketi mbalimbali wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, bila kutazamana. Fundi akaunganisha vipande, akapiga. Wimbo ukazunguka, ukashuka, ukafika. Yule mkubwa akafunika uso. Hawakuwa wamesikia pumzi ndani ya filimbi ile tangu baba yao afariki, na papo hapo wote watatu wakasema haiuzwi. Mlango utarudishwa, kigoda kitarudishwa.

Fundi akainuka. Aliichomoa filimbi, akampa kila mmoja kipande chake mkononi, akachukua kofia yake. Miaka mingi baadaye nilimsifu kwa hekima ile, akanicheka: hakuwa na hekima yoyote, alikuwa amekasirika na njia ilikuwa ndefu. Tulikuwa tumefika kwenye mgomba wa mwisho wa uwanja yule askari alipotuita. Walikuwa wameketi vilevile, kila mtu akitazama kipande chake. "Baba arikuwa na haki," alisema. "Arigawa sawasawa kabisa, ndiyo maana hatukusikia kitu. Ichukue, fundi. Ni yetu sote, ira ikae kwako, na harusi za ukoo huu utapiga wewe." Alizipiga zote, na wazee wa Kihangaza, wenyeji wa Ngara, wakajifunza kucheza ngoma ya watu wasiowajua.

Nilikuwa nikifundisha ujamaa ubaoni miaka hiyo, na swali langu la mtihani lilikuwa lilelile: taja faida tano. Sasa naona kwamba sisi tulikuwa hodari wa kugawana tu. Sukari ya duka la kijiji tuliipima kwa kijiko, na mtu akipunjwa chembe alikwenda kwa katibu. Tulidhani kugawa sawasawa ndiko kumiliki pamoja. Fundi seremala, ambaye hakupata kusoma darasa la tano, aliishi na kitu cha watu watatu nyumbani kwake miaka zaidi ya arobaini, na hakuna aliyewahi kuuliza fungu lake liko wapi.

Mimi na wadogo zangu wawili tuna nyumba ya marehemu baba yetu Biharamulo. Tulipofiwa tuligawana vyumba, tukaweka makufuli matatu, tukajisifu kwamba hatukugombana. Hakuna aliyelala humo mpaka leo, na sebuleni, mahali ambapo hapakuwa fungu la mtu, wanakaa popo. Baada ya mazishi sikurudi moja kwa moja mjini. Nilipita pale, nikafungua kufuli langu, nikaling'oa pamoja na pete zake, nikafagia sebule. Kisha nikawapigia simu wadogo zangu, nikawaambia nimekaa nawasubiri.