Moshi Kilembani kwa Mzee Abeid

Aibu hii sijawahi kuisimulia, lakini nyie mmeshaniharibia jioni kwa maswali, basi sikilizeni (na mkiipeleka mbele, nitasema mwaongopa).

Nilikuwa karani, mtu wa Tabora, nimeposa kwa Mzee Abeid, Mwarabu mwenye duka pale Temeke, na jawabu la bintiye Zuwena lilikuwa halijatoka. Mzee akasikia nina kamera (Mzungu wangu wa ofisini aliniachia alipokuwa anarudi kwao), akaniita nimpige picha moja ampelekee mamaye Unguja. Nikajua hapo ndipo napimwa.

Asubuhi nikatoka na mkanda mpya wa picha nane, njia ikanipitisha nyuma ya kinu cha mafuta ya nazi, ambacho kila siku nilikuwa nakipita nimeziba pua. Jamani, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mabati yana kutu rangi ya hina, lundo la vifuu linang'aa, moshi wa dohani umepanda umenyooka, nikaona uzuri mpaka nikasikia uchungu. Nikasema moja tu. Nikapiga mabati, nikapiga vifuu, nikapiga pipa, nikalipanda, na nilipokuja kushtuka dohani ndiyo ilikuwa picha ya nane.

Muungwana angerudi nyumbani. Mie nikaenda, nikaamkia shikamoo, nikamkalisha Mzee mlangoni kwa duka na joho lake, nikabonyeza, nikijua mkanda umekwisha, kesho nitasema picha imeungua. Nilichosahau ni kwamba baada ya dohani sikuuzungusha mkanda, ile ya nane ilikuwa ingali mbele ya kioo.

Mkanda nikaupeleka mjini kusafishwa (nilizitaka zile za kinu, sifichi), naye Mzee, kwa hamu ya kujiona, akaenda kuzichukua mwenyewe. Akaniita barazani, wazee wenzake wanakunywa kahawa, akafungua bahasha. Mabati. Vifuu. Pipa. Wazee wakapokezana, kila mmoja akimtafuta Mzee Abeid. Walimpata kwenye ya nane: kakaa na joho lake, dohani imemwota kilembani, inafuka.

Akaitazama sana.

"Walisema wameisafisha," akasema. "Mbona moshi haukutoka?"

Nikaeleza yote. Hakukasirika, na ndilo lililoniumiza.

"Kijana, ulitumwa sura moja, ukashikwa na vifuu. Mwanangu nikikupa, utafika naye?"

Zuwena akaolewa Bagamoyo. Mama wa Unguja akapelekewa salamu tu. Picha Mzee akaitundika dukani, na nikienda kununua sukari naiangalia, na Mungu anisamehe, ni picha nzuri.

Kinu kipo. Zamani nilikipita nimeziba pua. Siku hizi nikitumwa, nakipita nimefumba macho.