Samaki Wanaonyonyesha

Mwaka ule mahindi yaliota kuvu tukayamwaga, na sisi watu wa Manyatta, tuliozoea kuwacheka watu wa Mbeere kwa mtama wao, tukala mtama na ndengu za kutoka Ishiara mpaka tukanyamaza. Ndio mwaka binti yangu, anayefanya kazi ya ofisi Embu mjini, aliniletea tangi la kioo na samaki wawili, dume na jike, bapa kama chapati, wekundu wenye mistari ya buluu. Wanaitwa diskasi. Kwao ni mito ya Amerika Kusini. Kule mjini walikuwa wakitaga, mayai yanaoza, kwa sababu maji ya kisima cha ploti yao yana chumvi. Yetu yanatoka mlimani, laini. Sabuni kidogo tu na povu linajaa karai.

Mzee wangu alisimama mlangoni. "Umeingiza nyoka wa maji kwa nyumba yangu?" Zamani huku kwetu samaki hakuliwa, na wazee walimwita hivyo.

"Hawa si wa kula. Ni wa kuangalia."

"Na kuangalia kunashibisha?"

Shule nilifika darasa la tatu, lakini kulea najua. Nimelea saba. Stima ikipotea, ili maji yao yasipoe, nilijaza chupa za soda maji moto nikazitumbukiza, nikalifunika tangi kwa blanketi la mtoto. Wakataga juu ya chungu nilichokifudikiza ndani, mayai yakaanguliwa. Siku vitoto vilipoanza kuogelea, vilimng'ang'ania mama yao ubavuni vyote, vinadonoa.

Jirani ninayeimba naye kanisani akapiga kelele. "Woi! Wanamla mama yao akiwa hai! Watoe!"

Nikanyakua kichungi cha chai. Mkono ulikuwa umeshaingia majini nilipoona jike anajitikisa, anachomoka kando, na dume anasogea. Vitoto vyote vikahamia kwake. Nikatoa mkono. Kule kujitikisa nakujua. Ni pale titi limechoka, unatafuta mtu akushikie mtoto. Ngozi ya samaki hawa inatoa ute, na huo ute ndio maziwa yao.

"Kumbe baba ananyonyesha!" Jirani akamgeukia mzee wangu. "Na wewe, mzee, hata kubeba mtoto ulikataa."

"Mimi si samaki."

"Ungekuwa samaki tungekusifu."

Alinuna. Lakini jioni nilimkuta amevuta kiti mbele ya tangi, radio ameizima.

Vitoto vilikuwa bado vidogo kama punje za mtama, kijana mmoja mwenye hoteli mjini alipokuja. Binti yangu alikuwa amemwahidi samaki wa kupamba hoteli yake. Nikampa chai. Akainama kwenye kioo.

"Shosho, nachukua hawa wawili wakubwa. Wadogo nakuachia."

"Wadogo watakula nini?"

"Kuna chakula cha pakiti."

"Wewe ulilelewa na pakiti?"

Akacheka, akafungua ndoo aliyokuja nayo. Nikaweka kiti changu kati yake na tangi, nikakaa. "Hawa wananyonyesha. Hawatoki hapa."

Akampigia binti yangu, akanipa simu.

"Mama, wape tu. Hao ni samaki wangu, na watataga tena."

Ni wake, kweli. Lakini nilikumbuka alipokuwa mchanga, nyapara wa shamba la kahawa akaja kuniita nikachume. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakuongea mengi, na nyapara akarudi alikotoka. Huyu anayeniambia "wape tu" alikuwa kifuani pangu, anavuta maziwa kwa kelele kama ndama.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Wakishaachishwa, njoo uwachukue mwenyewe."

"Lakini yuko hapo na ndoo!"

Mzee wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitini kwake, akainuka, akaichukua ile ndoo taratibu, akaitoa nje.

"Mama?"

"Hawa wananyonyesha. Hawatoki hapa."