Viti vya Bibi Wilma

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kabla hata sijavua koti. Ilikuwa Utrecht, Uholanzi, kwenye kituo cha utafiti kilichochunguza jambo moja tu: Mholanzi anajihisi kuwa wa nani, na nani anamhesabu kuwa wake. Nilikuwa nimemaliza sosholojia hukohuko, binti wa Tanga niliyejiona ninajua kila kitu. Asubuhi hiyo Mratibu wa Uwandani, yaani bosi wa sisi tunaobisha hodi kwenye nyumba za watu, alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Watu wameketi kwa duara, visahani vya keki magotini, mumewe na dada yake nao wamo. Nikaenda moja kwa moja kwake, nikampongeza, nikajitafutia kiti.

"Na mume wangu je?" akauliza Mratibu. "Na dada yangu? Hao huwapongezi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo desturi yao: ukiingia unazunguka duara zima, unampongeza mume kwa siku ya mkewe, dada kwa siku ya nduguye, hata rafiki wa karibu. Nikaanza upya, uso unaniwaka. Nilipomaliza, Mratibu alininong'oneza, "Ukienda nyumbani kwa mtu, tazama nani anapongezwa. Huyo ndiye wa ndani."

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mmezoea kompyuta kuwafanyia kila kitu. Sisi tulikuwa na dodoso, yale maswali yaliyopangwa ambayo kila mhojiwa huulizwa kwa maneno yaleyale, hata kama jibu umeshaliona usoni pake. Kubwa lilikuwa swali la majina: ukiugua ghafla, utamwita nani? Tuliyagawa mahusiano kuwa mazito na mepesi. Mazito ni ya yule atakayekuletea supu. Mepesi ni ya muuza mikate, mlinzi wa mlangoni, jirani wa kwenye lifti unayeongea naye habari za hali ya hewa. Haya mepesi mimi niliyadharau, niseme ukweli.

Waholanzi hawakuninyima kahawa. Walinipa kikombe na biskuti moja, kisha kopo la biskuti likafungwa. Siku nzima niliwauliza watu habari za ndugu na marafiki zao, jioni narudi chumbani kwangu kuongea na redio. Sikuolewa. Ndugu zangu wa Tanga walinipigia mwanzoni, baadaye wakazoea kwamba sipo.

Kituo kilipotaka kujua kama Mholanzi aliye mbali na kwao anabaki na watu wake, nilihamishiwa Doha, Qatar. Ofisi ilikuwa mtaa wa Al Sadd, juu ya duka la manukato, na bosi mpya alikuwa Mkurugenzi wa Mradi, mtu wa maneno machache na kiyoyozi kikali. Ulikuwa utafiti wa kurudia, maana yake unamfuata mhojiwa yuleyule mwaka hadi mwaka. Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Bibi Wilma.

Alikuwa mjane wa Kiholanzi. Aliishi kwenye magorofa ya The Pearl na mwanawe mhandisi, ambaye kutwa yuko safarini. Kila siku yake ya kuzaliwa nilikwenda kumtazama, kwa sababu kwetu sisi watafiti hata sherehe ni uwanda, mahali pa kukusanya habari. Alipanga viti kwa duara, vingi kuliko watu. Wageni wachache walioingia walimpongeza yeye, wakampongeza mwanawe kama yupo, wakafika kwangu na kunipita. Mimi nilikuwa mtafiti, nimekaa na kalamu. Walikuwa sahihi kabisa, na kila mwaka iliniuma.

Mwaka mmoja nilimuuliza swali la majina. Akanitazama kama ninayeuliza jambo la kipuuzi.

"Wewe," akasema. "Nitakuita wewe."

Niliporudi ofisini nilimweleza Mkurugenzi. Hata hakuinua kichwa. "Mhoji hahesabiwi. Futa. Wewe kwake ni kazi, si uhusiano."

Kanuni ni kanuni, na sababu yake naielewa hadi leo: mhoji akijiingiza kwenye mtandao wa mhojiwa, anapima kivuli chake mwenyewe. Nikafuta. Bibi Wilma akabaki hana mtu, na mimi vilevile.

Mwezi uliopita nimestaafu. Namba za simu za wahojiwa zilibaki ofisini, hiyo nayo ni kanuni. Akama yangu, kibali cha kuishi hapa, inakaribia kuisha, na huko Tanga sijui nani atanipokea. Lakini nilijua siku ya Bibi Wilma inakuja, na mara hii hakuna wa kunizuia. Nikanunua keki ya tufaha. Nilitaka kuingia bila kalamu, nizunguke duara, nikae kwenye kimoja cha vile viti vyake vitupu. Njia nzima moyo ulinidunda kama wa mposaji.

Mlangoni pa jengo alikuwepo Wafula, mlinzi kutoka Bungoma, ambaye kwa miaka yote hiyo tulisalimiana tu, akinifungulia lifti.

"Mama, kwani hukuambiwa?" akasema. "Shosho Wilma alienda. Kazi ya kijana yake iliisha, wakarudi kwao Uholanzi. Nyumba iko empty sasa."

Nilisimama na keki yangu. Nikageuka niondoke.

"Hebu ngoja," Wafula akasema. "Si leo ndiyo bathdei yake? Kila mwaka alikuwa anashuka hapa na keki, ananisalimia kwa mkono, ananiambia hongera. Ati mimi hongera, na ni yeye amezaliwa! Nilikuwa nacheka tu."

Kumbe alikuwa akiteremka. Nami nilikuwa juu, nikivihesabu viti.

"Ni leo," nikasema.

Wafula akaweka redio yake ya mawasiliano mezani, akanyoosha shati la sare, akatoka nyuma ya kaunta na kunipa mkono.

"Basi hongera, mama."

Hakuna aliyewahi kunipongeza kwa siku ya mtu mwingine. Nikamshika mkono, nikamwambia hongera na wewe, mwanangu, na pale mlangoni, mbele ya wapita njia, nikalia.