Marietha Hakukifudikiza Kikapu

AMANI, 1974. Ukungu haujainuka bado kwenye mashamba ya chai, na Marietha Singano tayari amesimama mbele ya mlango wa kiwanda. Kanga ameifunga kibwebwe, viatu ameazima. Leo hachumi. Leo anajaribiwa kuendesha mashine ya kukausha majani, na akifaulu atakuwa mwanamke wa kwanza kuishika kiwandani hapa.

"Onga makeo, mama!" wachumaji wenzake wanamsalimu kwa Kishambaa wakipita na vikapu mgongoni. "Usituaibishe!"

"Nitaaibika peke yangu, nyie nendeni!" anawajibu, na kicheko kinapanda mlima pamoja nao.

Marietha, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mzaliwa wa Bungu. Mumewe alifariki, akamwachia watoto wanne na mama mkwe. Amechuma chai miaka kumi na mmoja, jua na mvua, hata vidole vyake vimeshika weusi usiotoka kwa sabuni. Sasa magoti yanamsumbua mteremkoni. Malipo ya mchumaji hufuata uzito wa kikapu. Goti likigoma, sufuria nayo inagoma.

Kazi ya mashine ingempumzisha, ila kulikuwa na kikwazo. Kiwandani amri hutolewa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni.

"Sisi wote tumeingia kisomo cha watu wazima," anatania rafiki yake Mwanamisi, mchumaji aliyetoka Pangani. "Mashine tu ndiyo imekataa kujifunza Kiswahili."

Basi Marietha akajiunga na darasa la jioni la Kiingereza la Mwalimu Elieshi. Akakwama kwenye maneno ya kukomesha kazi. Kwake yote yalikuwa mamoja: kazi ikiisha, imeisha. Jioni moja alikosea, akarudia kukosea, wenzake wakacheka. Akatoka nje, akakifudikiza kikapu chake barazani, mdomo chini. Kwa wachumaji wa huku hiyo inatosha. Anayefudikiza kikapu mbele ya msimamizi ameacha kazi, wala haulizwi.

Mwalimu hakumkemea. Alikiinua kikapu, akakipangusa vumbi, akakileta ndani.

"Hilo ulilofanya nje, Waingereza wanaliita 'quit'," alimwambia taratibu. "Je, mvua ikikukuta kwenye mstari wako wa chai?"

"Natua kikapu, nakifunika. Ikikatika naendelea."

"Hiyo ni 'stop'. Na mstari ukiisha, kikapu kimejaa?"

"Napeleka kwenye mizani."

"Ndiyo 'finish'. Karibu ukae, mama."

Tangu siku hiyo Mwanamisi amekuwa akimmalizia mstari wake ili awahi darasani. "Nikimshukuru, anajifanya hasikii," Marietha anasema.

Leo saa nne fundi Timotheo, anayemjaribu, anawasha mashine. Majani yanaingia kwenye joto juu ya mkanda, na sakafu inatetemeka. Mlangoni wamejazana watu, mama mkwe wake Bi Jenoveva akiwa mbele kabisa.

"Finish!" fundi anapaza sauti.

Marietha anazuia majani mapya yasiingie. Kisha anasimama tu.

"Ameganda!" anacheka Valentino, mpakiaji wa magunia. "Mama, zima! Au umesahau mkono wa kuzimia uko wapi?"

Hazimi. Macho yake yako upande wa kutokea, mpaka jani la mwisho linadondoka, jeusi na kavu. Ndipo anauvuta mkono wa mashine chini.

Timotheo anayanusa majani makavu. Anawasha mashine tena, majani yanaingia. Kabla hajatoa amri, Valentino, aliyesogea ili acheke vizuri, ananaswa upindo wa shati na mkanda. Marietha anauvuta mkono hapo hapo. Ngurumo inakatika, majani yakiwa tumboni mwa mashine.

"Hayo yataungua," Timotheo anasema, akimtazama.

"Yaungue, baba. Shati lina mtu ndani."

Fundi anaanza kutabasamu, anashindwa kujizuia, anacheka. "Kesho saa moja asubuhi uwe hapa. Mashine ni yako."

Vigelegele! Mwanamisi anaruka kama msichana. Bi Jenoveva anafuta machozi kwa pembe ya kanga, kisha anamgeukia Valentino.

"Shati limepona. Mdomo je?"

"Nimekoma, bibi. Shikamoo!"

Mchana Marietha anakipeleka kikapu kwa msimamizi Danieli. Anasimama nacho barazani, hakitui.

"Kifudikize basi," Danieli anamwambia. "Si unaacha kuchuma?"

"Siachi, baba. Nimemaliza."

Mwanamisi, aliyemfuata nyuma pamoja na Bi Jenoveva, anavuta pumzi. "Na mimi nataka darasa hilo. Ila sasa nani atanimalizia mstari?"

Kabla Marietha hajajibu, Bi Jenoveva anakitwaa kikapu mikononi mwake na kukivaa mgongoni.

"Mimi," anasema. "Magoti yangu ni mazima kuliko yenu nyote. Danieli, nionyeshe mstari wa huyu mtoto Mwanamisi."

Kiwandani kuna mashine ya pili ya kukausha, na mwendeshaji wake anastaafu mwakani. Marietha ameshamchagua mtu wa kuishika. Jumatatu atamketisha Mwanamisi kiti cha mbele, karibu na Mwalimu Elieshi, na yeye mwenyewe atakaa pembeni yake mpaka maneno yaingie.

"Akikosea tukacheka, tutacheka naye," anasema. "Lakini akiinuka kutoka, nitamtangulia mlangoni. Hatoki mtu kwenda kufudikiza kikapu."