Siku Niliyopinga Kesi ya Benki

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: mimi ndiye yule mwanamke aliyetolewa kortini na askari mchana kweupe, na mpaka leo nikipita hapo mjini naangalia chini.

Bwanangu, Muthoka, alikuwa meneja wa benki moja ndogo. Wadhibiti wa mabenki wakaichukua asubuhi moja, milango ikafungwa, wafanyakazi wakabaki nje, basi wakaenda kortini kupinga, na wakili wao akawa mwanamke, tena mrembo (ukweli ni ukweli, hata ukiniuma), wa kuishi Lavington, mtaa wa wenye pesa. Kila Jumamosi Muthoka anaoga, anapiga shati pasi, anaenda huko eti kupanga kesi, na mimi huku nyumbani Adams Arcade namenya viazi nikijiuliza ni kesi gani hii inataka marashi.

Siku ya kusikizwa nikaamua niende tu kuangalia, nikae nyuma, nirudi. Nikavaa kofia yangu kubwa ya kanisa ili asinijue, nikakaa kando ya mzee mmoja mpole, na kila mara yule wakili akimwinamia Muthoka sikioni mimi namnong'onezea huyo mzee, "Unaona? Huyo si wakili, huyo ni mwizi wa mabwana." Mzee anakohoa tu.

Wakili akaomba jaji azuie benki isiuzwe, halafu akageuka akamgusa bwanangu begani, akatabasamu. Jaji akauliza, "Kuna anayepinga?"

Nikajikuta nimesimama. "Mimi napinga!"

Jaji akavua miwani. "Mama, wewe unawakilisha wadhibiti?"

"Najiwakilisha! Huyu analia benki imenyakuliwa, na yeye amenyakua bwanangu!"

Watu wakacheka mpaka karani akainamia meza. Muthoka alifunika uso. Askari akanishika mkono, na yule mzee akainuka kunipisha, akasema polepole, "Mama, huyo wakili ni bibi yangu. Jumamosi mimi ndiye huwapikia chai, na bwanako huongea habari zako mpaka inapoa."

Jaji akaahirisha kesi, wafanyakazi wakarudi nyumbani bila jibu, kwa sababu yangu. Amri ya kuzuia benki isiuzwe waliipata baadaye, namshukuru Mungu. Jioni ile Muthoka hakufoka. Alisema tu, "Si ungeniuliza?"

Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko chote. Sasa nimeapa: wivu ukinishika, nauliza jikoni, pasipo jaji.