Ndama Aliyepewa Maji

Baba yangu alipigana Somalia akarudi na viungo vyake vyote, halafu akaja kuvunjwa mbavu hapa nyumbani, nje kidogo ya Kapkatet, kwa ajili ya ndama asiye wake. Hilo likinijia nikiwa shambani nachuma majani ya chai, hulazimika kusimama kwanza, maana mikono huanza kung'oa badala ya kuchuma.

Watu walimwita afande hata baada ya kustaafu, ingawa jeshini hakuwa na cheo cha kujivunia. Alikuwa na chai yake, ng'ombe wachache, na Kiswahili cha kambini kilichopitia mdomo wa Kikipsigis. Kwake p na b zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akitaka pilipili aliomba bilibili, na sisi wanawe tulicheka mpaka alipotutazama.

Asubuhi hiyo ndama wa jirani alikata kamba akaingia kwenye chai yetu. Jirani mwenyewe, mama aliyehamia kwetu kutoka magharibi na kufungua kiduka, alikuwa ameshapiga nduru kwamba ameibiwa. Msimu huo mifugo ilikuwa imeibwa sana, na watu walikuwa na hasira inayotafuta mtu. Baba alikuwa chini mtoni, hakusikia kitu. Alipopanda akamkuta ndama, akamfunga nyuma ya nyumba, akamnywesha, akamkatia nyasi za nepia, kisha akashuka kwenye banda la kupimia majani kutangaza alichookota, kama desturi yetu inavyotaka. Mimi nilikuwa pale na gunia langu nikisubiri lori.

Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza kama ameona ndama.

"Iko kwangu," baba akajibu. "Nimeiba..."

Alikuwa anasema nimeipa maji. Mtu wa pwani angesema nimempa, na yaliyofuata yasingetokea. Lakini huku kwetu hata ng'ombe tunaipa maji kama tunavyoipa nyumba rangi, na mdomo wa baba ukamalizia uharibifu. Hayo maji hakuna aliyeyasikia.

Spana ya yule kijana wa bodaboda ilimpata juu ya sikio. Akaanguka kwenye magunia, na kabla hajainuka walikuwa wameshamzunguka, wanampiga mateke, wanampiga kwa fimbo na mipini ya majembe. Nilisikia mbavu zikivunjika. Wengine walikuwa watu wetu kabisa, waliozaliwa na ulimi uleule, ambao wangetulia kidogo tu wangemwelewa. Hao ndio siwezi kuwasalimia vizuri hadi leo. Nilijitupa katikati nikipiga kelele kwamba amesema ameipa maji, ameipa, nikavutwa kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, nikatupwa nje. Mtu akasema iletwe petroli. Yule kijana wa spana akachomoa mpira wa mafuta wa pikipiki yake, akaanza kujaza chupa, bila haraka, kama anayemjazia mteja. Baba alikuwa anatema damu kwenye majani mabichi na nilijua wanamchoma.

Mwenye ndama ndiye aliyemwokoa. Alifika akihema, akasikia kosa lilivyokuwa, akasimama juu ya baba na miguu yake miwili huku na huku.

"Huyu akisema iba ni ipa," aliwaambia. "Kila siku anakuja kwangu kuniambia nibimie sukari. Mtamchoma mtu kwa sababu ya sukari?"

Halafu, Mungu ananiona, wakacheka. Mmoja alirudia, nibimie, akajishika tumbo, na kicheko kikazunguka banda zima. Walishusha fimbo kama watu waliomaliza kibarua.

Baba aliinuka katikati ya kicheko hicho. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alitembea hadi kwa yule kijana, ambaye bado alikuwa na chupa na alikuwa anacheka, akamshika mkono wa kulia kifundoni, akauzungusha, akaweka kiganja chini ya kiwiko na kusukuma. Chupa ikapasuka kwanza, kisha mkono. Alifanya kwa uso uleule aliokuwa nao akipogoa chai iliyozeeka.

"Hiyo nimekuba," akasema. Hakuna aliyemwelewa vibaya.

Nilifurahi. Kisha nikaogopa, kwa sababu alikuwa ameshasogeza mkono wake kwenye shingo ya yule kijana. Mwenye ndama alimwita kwa upole, akamwambia kuna mtoto wake hapa anatazama. Akaachia.

Wazee waliketi wakapatanisha, pande zote mbili zikala pamoja. Mkono wa kijana haukunyooka tena. Kifua cha baba nacho hakikupona. Kila msimu wa baridi kilimbana zaidi, na mwaka jana kikammaliza. Kwa miaka yote hiyo hakumwambia mgeni neno la Kiswahili. Alipoulizwa njia alionyesha kwa kidole.

Tulipomzika, yule kijana alikuja. Alichukua koleo kwa mkono mzima, akalikandamiza kwapani mwa ule mwingine, akaanza kutupa udongo. Nilimwendea mbele ya watu wote na kumwambia aache, atoke.

"Dada," akasema, bila kuniangalia, "siku ile ningemwaga petroli. Wacha leo nimwage mchanga."

Sijamsamehe. Lakini kaburi lilikuwa bado wazi, nikamwachia koleo.