Vizibo Kumi na Kimoja

Makoye alikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, katika zahanati ya machimbo ya Mwakitolyo. Kitu kilichomkera kuliko chochote duniani kilikuwa ngozi ya ng'ombe. Kila mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi aliletwa amefungwa ndani ya ngozi kavu iliyojikunja katikati, na aliyeondoka shimoni na paja lililovunjika alifika akiwa hoi zaidi. Makoye alitaka machela moja tu. Turubai na miti miwili, basi! Aliandika barua mwaka wa 1934, akaandika tena mwaka uliofuata, na jibu la wakubwa likawa lile lile: maombi ya madresa yapitie baraza la chama chao.

Hapo ndipo mtu alipotamani kujing'ata. Baraza la Chama cha Madresa lilikuwa na kiti kimoja cha vituo vya shamba na machimbo, na aliyekikalia alikuwa Bwana Sabiti, mtu aliyefanya kazi mjini Shinyanga miaka sita chini ya bati zuri. Shamba alilijua kwa miezi mitatu aliyowahi kukaa Kagongwa. Barua ya machela ililala kwenye mtoto wa meza yake, na kila akiulizwa alisema kwa upole, "Inshallah, tutaitazama." Upole wenyewe ulimchoma Makoye kuliko tusi.

Basi akaamua kugombea. Wapiga kura walikuwa kumi na mmoja: watano wa mjini, Sabiti akiwemo, na sita wa shamba, pamoja na yeye Makoye. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza. Alimaliza likizo yake yote juu ya baiskeli, akawafuata wenzake watano kituo kwa kituo mpaka Ushetu kwa Nkwabi, rafiki yake tangu mafunzoni. Wote wakampa ahadi.

Siku ya uchaguzi, mjini Shinyanga, katibu wa chama, Mzee Akida, alitundika shuka la hospitali kona ya chumba. Nyuma yake aliweka mitungi miwili ya kwinini iliyokwisha, mmoja umefungwa kitambaa chekundu, wa Sabiti, na mwingine cheupe, wa Makoye. Kila mtu akapewa kizibo kimoja cha chupa ya dawa.

Zamu ya Makoye ilipofika, alisimama nyuma ya shuka akikigeuzageuza kizibo chake. Kujiwekea mwenyewe? Kwao, mtu anayejipakulia kwanza mezani husemwa mpaka uzeeni. Tena Sabiti alikuwa mtu mzima, mwenye mvi na adabu zake, bila shaka naye angemwekea mwenzake, na mambo yangekuwa sawa. Makoye akakitia kizibo kwenye mtungi mwekundu, akatoka ameridhika.

Mzee Akida akamwaga na kuhesabu. Sabiti, sita. Makoye, vitano.

Makoye aliona giza. Akamshika Nkwabi mkono, akamvuta hadi uani.

"Umeniuza, Nkwabi! Nimekuona asubuhi unacheka naye kwenye chai."

"Niliweka kwako, Makoye. Sote watano tuliweka kwako. Wewe uliweka wapi?"

"Kwa Sabiti. Ulitaka nijipakulie kama mlafi?"

Nkwabi akauliza, "Na yeye aliweka wapi?"

Sabiti alikuwa akipita na kofia yake mkononi. Nkwabi akamuuliza pale pale, bila kuzunguka.

"Kwangu, bwana," Sabiti akajibu, hana hata chembe ya aibu. "Si ndicho nilichokuja kugombea?" Kisha akamgeukia Makoye, uso umemchangamka. "Kumbe cha sita kilikuwa chako? Ahsante sana, kaka. Nilikuwa nawaza ni nani!"

Akampa mkono. Na Makoye, kwa ajili ya adabu hiyo hiyo iliyomtia kitanzi, akaupokea kwa mikono miwili. Safari nzima ya kurudi alijitukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akamtukana Sabiti, akaitukana na baiskeli.

Alifika Mwakitolyo asubuhi ya pili. Mlangoni pa zahanati alikuwa ameketi Apolonia, mke wa Mihayo mchimbaji, na kando yake Mihayo mwenyewe amefungwa ndani ya ngozi, anahema kwa shida, mguu umekaa upande usio wake.

"Mwangaluka, baba," Apolonia alimwamkia, akinyanyuka haraka. "Tumekusubiri tangu jana. Wanasema ulikwenda mjini kuleta machela."

Makoye alipiga magoti, akaanza kuzikata kamba za ngozi. Hakuweza kumtazama machoni.

"Ilikuwa mkononi mwangu, mama," akasema. "Nikampa mtu mwingine."